Presha ya Oili Inaposhuka: Maelezo Kuhusu Injini ya Volkswagen Beetle

Utangulizi

Insha ya maelezo hupimwa kwa jambo moja kubwa: je, msomaji asiyelijua jambo hilo anaweza kufuata hatua zake hadi mwisho bila kupotea? Makala haya yanachukua mfano kutoka gereji, mahali ambapo Kiswahili kinafanya kazi kila siku katika eneo letu lote, nayo yanaeleza namna ya kutafuta na kurekebisha tatizo la presha ndogo ya oili katika injini ya gari la zamani.

Gari lililochaguliwa ni Volkswagen Beetle lenye injini ya nyuma inayopozwa kwa hewa. Gari hili si geni kwetu. Lilishinda mashindano ya Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika miaka ya 1954, 1957 na 1962. La mwisho lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003, baada ya zaidi ya magari milioni 21 kutengenezwa. Kwa hiyo yaliyobaki barabarani ni magari yenye umri, na injini iliyozeeka huanza kulalamika kupitia oili.

Tuseme neno kuhusu istilahi. Katika istilahi za fizikia kuna neno kanieneo. Mafundi husema presha. Tutatumia lugha ya mafundi, kwa sababu ndiyo inayozungumzwa pale gari linapotengenezwa.

Oili inavyozunguka

Injini ya Beetle huchukua oili lita 2.5 tu. Oili hiyo ina kazi mbili: kulainisha vyuma vinavyosuguana na kusaidia kuipoza injini, maana hakuna maji wala rejeta. Pampu yenye gia mbili, inayozungushwa na kamshafti, huvuta oili kutoka chini kupitia chujio la waya. Kisha oili hupita kwenye kipoza oili, ambacho hupulizwa na feni, ndipo iingie katika njia nyembamba zinazoelekea kwenye beringi za krenkishafti, konrodi na kamshafti.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni hili: pampu haitengenezi presha, bali inasukuma oili. Presha hutokea kwa sababu oili inalazimika kupenya katika nafasi ndogo sana zilizopo kati ya beringi na shafti. Mfano wake ni mpira wa kumwagilia bustani. Ukiziba nusu ya mdomo kwa kidole, maji huruka mbali. Ukiondoa kidole, huanguka miguuni ingawa bomba ni lilelile. Hivyo basi, presha hushuka kwa sababu tatu kuu: oili kidogo inasukumwa, oili imekuwa nyepesi mno, au nafasi za kupitia zimepanuka kutokana na kulika.

Taa inapowaka

Taa ya oili ikimemeteka injini ikiwa moto na inanguruma polepole, kisha ikazimika ukikanyaga mafuta, huo ni wito wa kupima mapema. Taa ikiwaka gari likiwa katika mwendo, au ikifuatana na mlio wa kugonga kutoka chini ya injini, simamisha gari na uzime injini mara moja. Beringi zikikosa oili huungua kwa muda mfupi sana.

Aidha, usiidharau taa ya chaji. Katika gari hili jenereta na feni huzungushwa na ukanda mmoja. Ukanda ukikatika, feni husimama, injini huchemka, oili huwa nyepesi kama maji, na presha hushuka. Dereva anayeendelea kwa kudhani ni betri tu huenda akaua injini.

Hatua za kutafuta chanzo

Kanuni ni kuanza na yale yasiyogharimu kitu na kuishia na yale ya gharama kubwa.

Kwanza, pima kiasi cha oili. Egesha gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika chache, kisha chomoa kijiti cha kupimia.

Pili, nusa kijiti hicho. Oili ikinuka petroli, huenda utando wa ndani wa pampu ya petroli umepasuka na petroli inachuruzika ndani ya injini. Kubadilisha oili peke yake hakutasaidia. Rekebisha pampu kwanza.

Tatu, hakikisha aina ya oili. SAE 30 au 20W-50 hufaa injini hii katika nchi za joto. Oili nyepesi iliyokusudiwa magari ya kisasa itapunguza presha hata katika injini nzima.

Nne, chunguza waya. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha chomoa waya wa swichi ya presha. Taa ikiendelea kuwaka, waya umechubuka na unagusa bodi mahali fulani. Kinachohitaji kutengenezwa ni waya. Ikizimika, bado hujajua kama kosa ni la swichi au la presha yenyewe, kwa hiyo endelea na hatua inayofuata.

Tano, pima kwa geji. Fungua swichi ya presha na ufunge geji mahali pake. Injini ikishapata moto na kuzunguka mara 2500 kwa dakika, presha ya kawaida ni pauni 42 hivi kwa inchi mraba. Kikomo cha kulika ni pauni 28. Ikiwa geji inasoma vizuri, badilisha swichi na mambo yameisha.

Sita, ikiwa presha ni ndogo kweli, mwaga oili na ufungue kifuniko cha chujio kilicho chini ya injini. Safisha chujio na uweke gasketi mpya pande zote mbili. Zile nati sita ndogo zisikazwe kwa nguvu, kwani nyuzi zake hukatika upesi. Angalia masalia yaliyonaswa: vipande vinavyong'aa ni dalili kwamba beringi zinalika.

Saba, fungua vali ya kupunguza presha, iliyo chini ya injini upande wa kushoto karibu na pampu. Pistoni yake ndogo ikikwama chini, oili hurudi moja kwa moja inakotoka badala ya kwenda kwenye beringi. Isafishe, isugue taratibu ikiwa ina mikwaruzo, na ubadilishe springi iliyochoka. Injini za kuanzia modeli ya 1970 zina vali ya pili, nayo ichunguzwe.

Nane, kagua pampu. Weka rula ya chuma juu ya mdomo wa pampu, kisha pima kwa fila geji nafasi iliyopo kati ya rula na gia. Isizidi milimita 0.1. Kifuniko chenye alama za kuchimbwa na gia kisitumike tena.

Yote hayo yakiwa sawa na presha bado ni ndogo, kilichobaki ni beringi zenyewe, au vikalio vyake ndani ya bloku. Hapo injini lazima ishushwe na kupasuliwa.

Tahadhari

Wapo wauzaji wa magari wanaotia oili nzito au dawa ya kuongeza uzito ili taa isiwake siku ya mauzo. Tiba hiyo huficha dalili tu. Vivyo hivyo, pampu kubwa zaidi itapandisha geji lakini haitarudisha chuma kilicholika.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba mpangilio wa hatua ndio unaookoa fedha. Anayeanza kwa kupasua injini anaweza kulipa gharama ya beringi wakati ugonjwa ulikuwa waya uliochubuka. Kwa upande mwingine, anayeizoea taa inayomemeteka atanunua krenkishafti. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa gari la zamani ufa huo hupimwa kwa geji. Walimu wetu watakaofundisha Kiswahili katika vyuo vya ufundi wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi kama hili: eleza chanzo, eleza dalili, kisha eleza hatua, bila kuruka hata moja.