Kumsomea Asiyeona: Sauti Isipande, Isishuke

Kila askari anazo sauti mbili. Ya kwanza ni ya gwaride, itokayo tumboni, ambayo lazima imfikie mtu wa mwisho katika mstari wa nyuma hata kama upepo wavuma. Ya pili ni ya redio ya upepo, nayo haipazwi hata kidogo, kwa maana apigaye kelele katika chombo kile huyaharibu maneno yake mwenyewe. Katika majeshi yaliyorithi mafunzo ya Kiingereza, wapeleka habari hufundishwa kuangalia mambo manne wasemapo redioni: mdundo wa maneno, kasi yake, ukubwa wa sauti, na wembamba au unene wake. Makala hii yahusu hilo la tatu, yaani ukubwa wa sauti, pamoja na kazi moja ya kujitolea ambayo twaona yawafaa sana wanajeshi na polisi wa West Nile: kusoma vitabu na kuvinasa, ili wale wasioweza kusoma kwa macho wapate kuvisikiliza.

Kazi hiyo ina asili ya kiaskari. Mwaka 1916, katika mapigano ya Somme huko Ufaransa, ofisa mmoja kijana wa Kiingereza, Ian Fraser, alipigwa risasi akapofuka macho yote mawili. Baadaye aliongoza St Dunstan's, chama kilichowatunza askari waliopofushwa na vita. Wengi wao walikuwa wamepata upofu wakiwa watu wazima, na kusoma nukta za Braille kwa vidole ni kazi nzito kwa aliyeianza ukubwani. Ndipo mwaka 1935 vikatolewa Uingereza vitabu vya kusikiliza katika sahani za santuri zilizozungushwa polepole, kila upande ukichukua takriban dakika 25. Miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa kilikuwamo Typhoon cha Joseph Conrad. Miaka 70 baadaye, Agosti 2005, mtu mmoja wa Montreal nchini Kanada, Hugh McGuire, alianzisha LibriVox, jamii ya wasomaji wa kujitolea wanaonasa vitabu majumbani mwao na kuvitoa bure kwa njia ya mtandao. Kitabu chao cha kwanza kilikuwa The Secret Agent, cha Conrad huyo huyo. Na tukumbuke kwamba Conrad alizaliwa Mpolandi, akajifunza Kiingereza ukubwani. Basi asiwepo askari wa Koboko atakayekataa kusoma kwa kisingizio kwamba Kiswahili chake si cha Unguja.

LibriVox haimpi msomaji mtihani wa lafudhi, wala haimlipi. Lakini kuhusu ukubwa wa sauti inayo kanuni, nayo haina mchezo: kila sura isikike kwa kiwango kile kile, ambacho programu yao ya kupimia hukiandika kuwa 89. Sababu ya ukali huo itaeleweka vizuri tukiangalia mahali penyewe ambapo kitabu kitasikilizwa.

Tuchukue Lobule. Ni sehemu ya wilaya ya Koboko, wilaya iliyotengwa na Arua mwaka 2005, karibu na mpaka wa Kongo. Mwaka 2013 ilifunguliwa huko makazi ya wakimbizi waliotoka ng'ambo ya mpaka huo. Kikakwa na Kilugbara havijui mpaka, husemwa pande zote mbili. Kiswahili nacho kilikwishafika West Nile tangu siku za King's African Rifles, kikaongezwa nguvu na Wakongo waliokuja nacho pamoja na Kilingala. Mwaka 2005 Katiba yetu ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Uamuzi ni mwema. Walakini vitabu vya Kiswahili katika vijiji vyetu bado ni haba, na kitabu kimoja kikigawanywa kwa watoto wengi hakichukui muda kupoteza jalada.

Tena wako wazee. Ugonjwa wa usubi, uitwao pia upofu wa mtoni, ulienea zamani katika sehemu kubwa ya West Nile, Koboko ikiwamo, kwa sababu inzi wadogo wanaouambukiza huzaliana katika mito iendayo kasi. Dawa ya ivermectin, iliyogawiwa tangu miaka ya 1990, imeurudisha nyuma sana. Lakini dawa ile huua watoto wa minyoo waliomo mwilini. Haimrudishii kuona yule aliyekwisha kupofuka. Waongezeni hao na wenzetu waliopoteza macho kazini, na watu wazima wengi ambao vita viliwanyima shule. Hao ndio wasikilizaji.

Msikilizaji wa namna hiyo hana chombo cha fahari. Anayo redio ndogo yenye tundu la kadi ya kumbukumbu, au simu ya bei rahisi, na spika yake haizidi kifuniko cha chupa ya asali. Sura ya kwanza ikiwa imenaswa kwa sauti ndogo, atafungulia mpaka mwisho. Sura ya pili ikiwa imenaswa kwa sauti kubwa, spika itakwaruza na maneno yatapasuka, na mtoto aliyelala ataamka. Mwenye macho atanyosha mkono akapunguza. Asiyeona, mwenye simu ambayo vitufe vyake ni laini kama kioo, itambidi amwite mjukuu. Akimwita mara tatu kwa jioni moja, mara ya nne atazima. Twasema hivyo bila kutia chumvi: kitabu kilichosomwa kwa ufasaha mkubwa huweza kuachwa katika sura ya pili kwa sababu ya kitufe tu.

Sasa sauti hupanda na kushuka kwa nini? Watu wengi hudhani ni koo. Mara nyingi ni shingo. Mahali pa wazi, umbali kati ya mdomo na kipaza sauti ukiongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6, yaani nguvu ya mawimbi yake hushuka kuwa nusu. Mtu akiwa sentimeta 15 kutoka kwenye simu, akaegemea nyuma kidogo tu mpaka sentimeta 30, amekwisha kuipoteza nusu hiyo bila kujua. Akiweka kitabu mapajani, kila afikapo chini ya ukurasa kidevu kitainama, na sauti itainama nacho. Dawa yake haihitaji fedha. Kitabu kiinuliwe usawa wa macho, juu ya sanduku au rundo la matofali. Simu isimamishwe umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, na iwekwe pembeni kidogo ili pumzi ya herufi P na B isiipige moja kwa moja. Asiyeiamini shingo yake na afunge uzi, ncha moja kwenye kishikio cha simu, ncha ya pili kwenye kifungo cha shati. Uzi ukilegea amesogea mbele. Ukikaza amerudi nyuma. Askari aliyezoea kupanga safu kwa urefu wa mkono hatauona uzi huo kuwa kichekesho.

Jambo la pili ni nyumba. Bati ni adui, kwa mvua na kwa mwangwi pia. Kibanda cha udongo kilichoezekwa nyasi, ambacho wengi hukidharau, chafaa kuliko ofisi ya matofali na saruji, kwa kuwa nyasi hunywa sauti badala ya kuirudisha. Penye kuta ngumu, tundikeni mablanketi. Saa iliyo njema ni usiku, baada ya jenereta kuzimwa na bodaboda kupumzika, kabla ya jogoo. Na tuseme wazi kwamba jogoo mmoja si balaa kubwa, maana utasimama, utangoja, utairudia sentensi. Balaa ni mngurumo mdogo usiokoma. Msomaji aliyenasa kwa sauti ndogo atalazimika kuipandisha baadaye, na akipandisha maneno kwa desibeli 12, mngurumo nao utapanda kwa desibeli 12 zile zile.

Katika mashine zinazonasa siku hizi, sifuri ni dari na vipimo vyote huhesabiwa kwenda chini yake. Sauti ikigonga dari, kichwa cha wimbi hukatwa, na hakuna programu itakayokirudisha kama kilivyokuwa. Kampuni ya Audible, inayouza vitabu vya namna hii, huwataka wasomaji wake waufikishe wastani wa sauti kati ya desibeli 23 na 18 chini ya dari, kilele kisipite desibeli 3 chini yake, na ukimya wa chumba uwe angalau desibeli 60 chini. Hata anayejitolea anaweza kuzifuata namba hizo. Kabla ya kuanza, asome sentensi yenye kelele kuliko zote katika sura ile, aone kilele kinafika wapi. Asipime kwa sentensi ya kwanza, maana kila mtu huanza kwa adabu. Audacity, programu isiyouzwa, yaweza kupima hayo na kusawazisha sura moja na nyingine. Lakini isawazishe tofauti ndogo zilizobaki. Isigeuzwe daktari wa kufufua maiti.

Tahadhari moja kuhusu simu. Nyingi hujipandishia sauti zenyewe: msomaji akinyamaza kuvuta pumzi, simu hudhani amekwenda mbali, ikafungua masikio, na kelele za chumba zikaja juu kama maji ya mto. Akirudi kusema, neno la kwanza hulipuka. Ikiwa simu yaruhusu kuzima tabia hiyo, izimwe. Ikiwa hairuhusu, itafutwe programu nyingine ya kunasia.

Kitabu hakisomwi kwa siku moja. Aliyetoka zamu ya usiku ana koo jingine kabisa kuliko aliyeamka. Kwa hiyo, kabla ya kuanza sura mpya, msikilize dakika moja ya mwisho ya sura iliyotangulia, kisha msome sentensi zake mbili tatu mpaka sauti zifanane, ndipo mnase. Kikosi kikigawana kitabu, huyu sura hii na yule ile, ateuliwe mmoja wa kusikiliza zote. Wapigao kelele kwa desturi, nao ni wale waliokaa sana uwanjani wakifundisha kuruta, hawahitaji kusogezwa mbali na simu. Wakisogezwa, chumba chote kitaingia katika kitabu. Washushe sauti mpaka iwe ya mtu anayezungumza na mwenzake ng'ambo ya meza.

Kiswahili chenyewe kina mtego wake. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nayo ya mwisho huachwa ijifie, hasa pumzi inapokwisha. Mezeni silabi hiyo, na «nyumbani» itakuwa «nyumba», na «njooni» itakuwa amri kwa mtu mmoja. Polisi wanaochukua maelezo ya mashahidi wanajua kesi nzima yaweza kusimama juu ya herufi moja, kwa kuwa «alipiga» na «alipigwa» hutenganishwa na W tu. Katika chumba cha maelezo utauliza tena. Anayesikiliza redio hana wa kumwuliza. Basi pumzi ivutwe mapema, kwenye mkato, ili nukta ifikiwe kwa nguvu ile ile iliyoanza nayo sentensi.

Kuhusu kitabu gani kisomwe, hapa sheria yaingia. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006, haki ya mwandishi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa hesabu hiyo, kitabu kama Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, chaweza kusomwa kwetu. LibriVox lakini hufuata sheria ya Marekani, yenye hesabu nyingine, hivyo kilicho huru Koboko huenda kisipokelewe huko. Kwa vitabu vipya upo Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 2018. Huo waruhusu vyombo vilivyotambuliwa kuwatengenezea wasioona nakala bila kumwomba mwandishi. Ruhusa hiyo ni ya vyombo hivyo na ya wasioona. Si ya kila mwenye simu.

Kusadikika ni kipimo kizuri cha msomaji. Karama anashitakiwa mbele ya mfalme, na waziri Majivuno ndiye mshitaki. Kila msomaji mgeni atataka kumngurumisha Majivuno na kumnong'oneza Karama, na mzee wetu ataanza tena kumwita mjukuu. Majivuno apewe kasi na ukavu wa maneno. Karama apewe utulivu. Ukubwa wa sauti ubaki mmoja kwa mshitaki na mshitakiwa.

Kwa kiwango cha unasaji kinachotakiwa na LibriVox, saa moja ya kusoma huchukua takriban megabaiti 58, hivyo kadi ya gigabaiti 8 hubeba zaidi ya saa 130. Kadi ikikwisha kujazwa, isisikilizwe kwa vifaa vya masikioni peke yake. Itiwe katika redio ndogo kama ile ya mzee, iwekwe nje chini ya mwembe, apewe mzee asikilize, nanyi mkae kimya mkiutazama mkono wake. Kila mkono unapoelekea kwenye kitufe, andikeni dakika na sura, mkasome upya mahali hapo.