Kinywaji Kinachoonyesha Pa Kukomea

Kuondoa saratani ya ubongo ni kazi ngumu, na kigumu zaidi ni kujua pa kukomea. Uvimbe wa glioblastoma, aina mojawapo ya saratani hiyo, hauna ganda. Hujipenyeza ubongoni, na pembezoni rangi yake haitofautiani na ya sehemu yenye afya. Daktari akikata pungufu, saratani inabaki. Akizidisha kidogo, mgonjwa huenda akazinduka asiweze kutamka jina la mwanawe.

Upasuaji huu umesonga mbele kila macho ya daktari yalipoongezewa nguvu. Mwaka 1965, Gazi Yaşargil, mzaliwa wa Uturuki, alikwenda Burlington, Marekani, kwenye maabara ya Raymond Donaghy, kujifunza kushona vijishipa vya damu vya wanyama kwa darubini. Oktoba 1967, mjini Zürich, aliunganisha mshipa wa ngozi ya kichwa na mshipa wa ubongo wa mgonjwa. Baadaye alishiriki kubuni darubini iliyosawazishwa kwa uzani, ambayo daktari huiongoza kwa swichi ya mdomoni huku mikono ikiendelea na kazi. Naipa swichi hiyo heshima sawa na lenzi zenyewe, maana mkono unaotoka na kurudi ubongoni huongeza hatari kila mara.

Kisha kompyuta zikaleta ramani: picha za MRI zilizopigwa kabla ya upasuaji humwonyesha daktari ncha ya kifaa chake imefika wapi. Lakini fuvu likifunguliwa na majimaji kutoka, ubongo hushuka, wakati mwingine kwa zaidi ya sentimita moja, na ramani haifuati. Uti wa mgongo hauna shida kubwa hivyo, kwa kuwa pingili haibadiliki umbo. Juni 2020, katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, madaktari walivaa miwani iliyowaonyesha picha ya mifupa juu ya mgongo wa mgonjwa, wakafunga skrubu 6 bila kugeuka kutazama skrini.

Kwa ubongo, msaada ulitoka kwenye kikombe. Mgonjwa hunywa dawa iitwayo 5-ALA saa chache kabla ya kupewa usingizi. Seli za saratani huigeuza kuwa protoporfirini na kuilimbikiza. Darubini ikiwashwa taa ya buluu, uvimbe unang'aa wekundu wa waridi.

Mwaka 2006, Walter Stummer na wenzake wa Ujerumani walichapisha matokeo: uvimbe unaoonekana kwenye MRI uliondolewa wote kwa asilimia 65 ya waliokunywa dawa, dhidi ya asilimia 36 ya waliopasuliwa kwa taa ya kawaida. Baada ya miezi 6, asilimia 41 walikuwa hai bila ugonjwa kusonga mbele, dhidi ya 21. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 2017.

Bado ugonjwa huwarudia wengi, kwa kuwa seli chache zilizotawanyika mbali haziwaki vya kutosha kuonekana. Hizo ndizo zinazowindwa sasa kwa darubini zenye umbo la kalamu, zinazogusishwa kwenye ubongo na kuonyesha seli moja moja papo hapo, mgonjwa akiwa bado mezani.