KUKEREZA TUFE LA SHABA

Mara nyingi katika kurasa hizi mmesoma habari za methali, ngeli na mashairi. Leo niruhusuni niwapeleke karakanani. Nataka kueleza jinsi kipande cha shaba kinavyogeuzwa kuwa tufe kwa mashine ndogo ya kukerezea, ile inayotoshea juu ya meza. Nikilisimulia jambo lenyewe huonekana jepesi, lakini lilinimalizia likizo nzima ya Aprili na vipande vitatu vya shaba.

Chanzo chake kilikuwa maabara ya fizikia. Wanafunzi hufundishwa kwamba metali hupanuka zinapopashwa moto, na jaribio la kuthibitisha hayo ni lile la tufe na pete, ambalo hutajwa kwa jina la Mholanzi Willem 's Gravesande (1688–1742). Tufe likiwa baridi hupita katika pete. Likichomwa, halipiti. Hapa kwetu pete ipo lakini tufe lilipotea, kwa hivyo jaribio likawa la kuchorwa ubaoni tu. Katika mkutano wa chama cha sayansi nikasimama nikasema, "Mimi nitalitengeneza." Nilisema hivyo kwa kuwa jirani yetu ni mzee aliyestaafu kazi ya ufundi wa mitambo, naye ana mashine ya kukerezea nyuma ya nyumba yake. Kabla sijaketi nilikuwa nimeanza kujuta, lakini neno likishatoka halirudi.

Mashine hiyo mafundi wa jua kali huiita lethi. Ina mhimili unaozungushwa na mota ya stima, na mbele ya mhimili kuna chaki. Si ile ya mwalimu! Chaki hii ni kama ngumi ya chuma yenye taya tatu, nazo huukaza ufito wa shaba usiponyoke. Ufito huzunguka, kisu hakizunguki. Kisu huletwa na magurudumu mawili ya mkono: moja hukipeleka sambamba na mhimili, jingine hukiingiza kwa pembe mraba. Kwa magurudumu hayo utapata nguzo, mrija na sahani bila taabu. Tufe halimo, maana njia ya tufe ni ya mviringo, na hakuna gurudumu hata moja linalokwenda mviringo.

"Basi utalipataje?" Mzee aliniuliza. Nikasema, kwa kuzungusha yote mawili pamoja. Akacheka. Akaniambia wapo mafundi wanaoweza, lakini baada ya miaka mingi, wala si kwa likizo moja. Akanipa penseli.

Hapo ndipo nilipokutana tena na Pythagoras, niliyedhani tumeshaagana kidato cha pili. Tufe langu lilitakiwa kuwa na kipenyo cha milimita 20, yaani nusu kipenyo 10. Ukianzia nchani ukaingia milimita 2, zimebaki milimita 8 kufika katikati. Kipeo cha pili cha 10 ni 100. Ondoa kipeo cha pili cha 8, ambacho ni 64. Hubaki 36, na kipeuo chake ni 6. Basi mahali hapo kipenyo ni 12. Ukiingia milimita 4, kipenyo ni 16. Hizo hutoka nzima, nyingine zina mikia: milimita 1 ni 8.72, milimita 3 ni 14.28, milimita 5 ni 17.32. Milimita 9 ni 19.90, na milimita 10 ni 20 kamili, ndicho kiuno cha tufe. Kuanzia hapo hesabu zinarudi vilevile kinyumenyume, hadi zinapokutana na shina. Shina ni ule mkia wa milimita 8 tuliouacha ili baadaye utiwe mpini wa mbao.

Ukikata kila kipenyo mpaka urefu wake, unapata ngazi, kama piramidi ya mviringo. Pembe za ndani za ngazi ziko juu ya tufe hasa; pembe za nje ndizo zilizozidi. Mzee alizipaka zote wino, akanifundisha kutumia tupa shaba ikiwa inazunguka. Wino ukitoka kwenye kona za ndani, acha! Umefika. Na tupa ishikwe mpini kwa mkono wa kushoto, ili mkono usipite juu ya chaki. Nywele zangu nilizifunga kwa kitambaa, mikono ya sweta nikaikunja, miwani ya kinga machoni, maana chembe za shaba huruka kama sindano. Glavu ni marufuku kabisa: chaki ikiushika uzi mmoja, itauvuta na mkono wote.

Tufe la kwanza lilimeremeta nikalipenda kama kito. Nililipeleka shuleni, likapita katika pete. Tukalichoma juu ya kichomeo cha Bunsen, darasa zima likitazama. Likapita tena! Wavulana wa nyuma wakaanza kupiga makofi ya kejeli. Mwalimu hakucheka, alisema tu, "Nenda ukapige hesabu."

Nikaenda. Shaba ya manjano, ile ya kuchanganya shaba nyekundu na zinki, hupanuka kama sehemu 19 kwa kila milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ukiongeza nyuzi 300, tufe la milimita 20 huongezeka 20 mara 0.000019 mara 300, yaani kama milimita 0.11. Hiyo tu! Karatasi ya daftari letu ni kama hivyo. Pete ilikuwa na kipenyo cha 20.05. Tufe langu, nilipolipima kwa maikromita ya Mzee, lilikuwa 19.80. Nafasi ya robo milimita ingetaka moto mara mbili ya ule na bado isingejaa. Kosa lilikuwa kiunoni. Mtazame tena zile namba: kutoka milimita ya 9 hadi ya 10 kipenyo hubadilika sehemu moja ya kumi tu ya milimita. Nchani tupa ina mahali pa kucheza. Kiunoni ukiipitisha mara mbili za tamaa, umeharibu. Nami nilikuwa nang'arisha.

Mzee aliposikia habari hizo alitoa chombo alichokiunda mwenyewe. Ni kitako cha chuma kinachofungwa mahali pa kushikia kisu, na juu yake kuna mkono unaozunguka kwenye boliti iliyosimama wima. Kisu hukaa kwenye mkono, ncha ikielekea boliti. Umbali kutoka katikati ya boliti hadi ncha ndio nusu kipenyo cha tufe. Ukiusukuma mkono, kisu hulizunguka tufe kutoka nchani hadi shinani, yaani ule mwendo wa mviringo uliokosekana. (Ncha ikipita ng'ambo ya boliti, badala ya tufe utachimba bakuli. Hilo nalo lina kazi yake.) Unaanza na ncha ikiwa mbali, unaisogeza kidogo kidogo kila duru.

Hata hivyo chombo chenyewe hakina akili. Mhimili wa boliti sharti ukutane na mhimili wa mashine. Mimi niliupitisha kiasi cha milimita 0.15 ng'ambo, nikapata limau: kiunoni 19.70, kwa mshazari 19.80. Ningeuacha upande wangu kwa kiasi hichohicho, ningepata chungwa lililokaliwa. Tufe la namna hiyo ni la kudanganya watu, kwa sababu lingeweza kupita ukilishika hivi na kukwama ukiligeuza, na mwanafunzi akaandika kwamba ni joto. Tiba yake ni kuweka ufito uliochongoka kwenye chaki na msumari uliochongoka kwenye tundu la boliti, kisha uzikutanishe ncha mbili mpaka zibusiane. Kimo cha kisu nacho tulikipima kwa rula ya chuma. Ibane rula taratibu kati ya ncha ya kisu na ufito wa mviringo, mashine ikiwa imezimwa. Ikisimama wima, kimo ni sawa. Ikilala huku au kule, kisu kiko juu au chini.

La tatu nililisimamisha kwenye 20.03, stima ikapotea. Nikalala nalo kichwani. Kesho yake Mzee hakuniruhusu kugusa kisu tena. Alinipa kipande cha paipu ya chuma, kipana kiasi cha milimita 15, mdomo wake umenolewa sawasawa. Siri yake ni hii: tufe ukilikata popote, mkato wake ni duara. Kwa hivyo mdomo wa paipu hulikalia tufe pande zote kwa pamoja. Palipovimba pakanyolewa, palipo sawa pakaachwa. Tufe linazunguka, mkono unaipeperusha paipu polepole, vumbi la dhahabu linashuka. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Ukitazama dhidi ya dirisha unaona kama kuna mwanga kati ya paipu na shaba. Mwishowe sikuuona. Maikromita ilisoma 20.00, nikaligeuza huku na kule, ikarudia 20.00.

Wiki ya kwanza ya muhula wa pili tulikuwa maabarani tena. Tufe baridi lilipita katika pete, likasita kidogo kama mtu anayeinama mlangoni. Tukalichoma. Nilihesabu dakika zote. Mwalimu akaliweka juu ya pete, likakaa. Akalisukuma kwa koleo, likakaa. Akaligeuza upande, bado. Watu walianza kuuliza maswali yote kwa pamoja, mwalimu akawa anayajibu huku tufe tumeliacha palepale juu ya pete. Shaba ikapoa, pete nayo ikala joto. Tulikuwa tumeshalisahau liliposhuka lenyewe, likagonga meza, "ngo!"