Ngolo za Umatengo na Mji Usio na Ugomvi

Mtu ajaye Maguu kwa mara ya kwanza, akiyatazama makonde yaliyotandazwa juu ya miteremko mikali ya milima ya Umatengo, nchi ya Wamatengo kusini mwa Tanzania, huenda akadhani ameona wavu mkubwa ulioanikwa mlimani, kumbe ni ngolo: mashimo yaliyopangwa safu kwa safu, na kila shimo limezungukwa na kingo za udongo uliofunika nyasi zilizofyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana. Wanaume hufyeka na kulaza nyasi, wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifunika, na juu ya kingo hizo hupandwa maharage, kisha msimu wa baadaye mahindi. Maji ya mvua hayakatazwi kushuka, kwa kuwa hayakataziki. Hunaswa tu shimoni, yakatulia, yakaacha tope lao humo.

Aghalabu husimuliwa kwamba elimu hii ilizidi kukamilika katika karne ya 19, pale vita vya Wangoni vilipowasonga watu kwenye vilele, wakalazimika kulima mahali ambapo mwenye hiari asingelima. Nalitaja hili kwa sababu wanafalsafa wengi waliotuchorea picha ya mji mkamilifu wameihesabu hitilafu baina ya watu kuwa ni maradhi ya kutibiwa, wala hawakudhani kwamba yaweza kuzaa kitu.

Plato aliwanyima walinzi wa mji wake mali na hata familia, ili pasiwe na neno "changu" la kugombewa. Al-Farabi, katika karne ya 10, aliufananisha mji wa fadhila na mwili wenye afya, ambao viungo vyake vyote huutumikia moyo, naye mtawala ndiye moyo. Thomas More alipokitoa kitabu chake mwaka 1516 alikipa jina la kisiwa kisichokuwapo popote, na pengine yeye ndiye aliyekuwa mkweli kuliko wenziwe. Kinyume chao alisimama Machiavelli, aliyedai kwamba mabishano ya makabwela na wakubwa wa Rumi ndiyo yaliyoulea uhuru wa dola ile. Na mimi, ingawa simpendi Machiavelli katika mengi, katika hili namwunga mkono.

Mwalimu Nyerere naye, katika kijitabu chake cha Aprili 1962 juu ya ujamaa, aliikataa nadharia isemayo kwamba ujamaa huzaliwa na vita vya matabaka, akaujenga juu ya msingi wa udugu wa ukoo. Ni fikra njema na yenye insafu. Lakini huko Litowa, katika wilaya ya Songea, si mbali sana na hapa petu, vijana wa chama tawala cha TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walikuwa wamekwisha kuanza kuishi na kulima pamoja, na baadaye akaungana nao Mwingereza Ralph Ibbott. Chama chao cha Maendeleo cha Ruvuma kilifikia kuwa na vijiji vipatavyo 17, kikiwa na shule yake na kinu chake cha kusaga nafaka. Kazi, mavuno na mgawanyo wake vilijadiliwa mkutanoni na wanakijiji wenyewe, na ajuaye mikutano ya vijijini hahitaji kuambiwa kwamba humo watu hawakukubaliana kwa urahisi. Nadhani hapo ndipo palipokuwa na sulubu yao.

Mwalimu aliwasifu, na alipoandika juu ya ujamaa vijijini mwaka 1967, mfano wa Litowa haukuwa mbali na kalamu yake. Hata hivyo, mnamo Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU, ambayo yeye mwenyewe alikuwa mwenyekiti wake, ilikivunja chama kile cha Ruvuma na mali yake ikachukuliwa. Watu waliozoea kubishana na kuamua mambo yao walikuwa wamekwisha kuwabishia wakubwa wa mkoa pia, na dola iliyokusudia umoja haikuwa na shimo la kuyapokea maji hayo. Mwaka 1973 ikatoka amri kwamba watu wote wahamie vijijini ifikapo mwisho wa 1976, na mahali pengi nguvu ikafanya kazi ambayo huko Litowa ilifanywa na maneno.

Matetereka, kimoja katika vijiji vile vya Ruvuma, kiliendelea kuishi kwa ushirika miaka mingi baada ya mama yake kuzikwa. Wamatengo nao walikuwa na sengu, baraza ambamo watu wa ukoo walikula pamoja na kuzungumza mashauri yao: mwenye nongwa na aliyemwudhi wakimega tonge katika sinia moja.

Huku Maguu, ufikapo wakati wa palizi ya mahindi, tope lililonaswa ndani ya ngolo hupakuliwa kwa jembe na kurudishwa kingoni, kwenye mashina.