Skafu si pambo la shingoni

Kila mwaka, mnamo tarehe 22 Februari au siku zilizo jirani nayo, maskauti humiminika Nyeri kulizuru kaburi la Robert Baden-Powell, mwasisi wa chama chao, aliyefariki huko tarehe 8 Januari 1941. Juu ya jiwe la kaburi pana duara lenye nukta katikati, ishara ya njiani ambayo kila skauti aijua: nimekwenda nyumbani. Atakayesimama kando kuutazama msafara huo atavutiwa kwanza na rangi za skafu, kwani kila kikosi kina yake, na aghalabu ndiyo inayowatambulisha vijana wa shule hii na wale wa shule ile.

Lakini je, kitambaa hicho kina maana gani?

Swali hili niliulizwa miaka mingi iliyopita na mama mmoja muuza ndizi. Nilikuwa mwalimu mchanga, nimewapeleka maskauti wa shule yetu matembezini mlimani. Kijana mmoja akateleza, akaangukia mkono, na mkono ukavunjika. Wenzake wakamzunguka, kila mmoja na skafu yake iliyopigwa pasi, wasijue la kufanya. Nami, nakiri kwa haya, sikuwa bora kuliko wao. Mama yule aliiacha biashara yake, akajifungua leso kiunoni, akaikunja pembe tatu, akauegemeza mkono wa kijana kifuani na kuifunga leso begani kwa utaratibu. Wiki iliyofuata nilipomrudishia leso yake, imefuliwa, aliniuliza vile vitambaa vya shingoni mwa wanafunzi wangu vilikuwa vya nini. Nilijibu kwamba ni sare. Jibu hilo limenikera hadi leo.

Ajabu ni kwamba leso na skafu ni ndugu. Neno leso tulilipata kwa Wareno, ambao kwao lilimaanisha kitambaa cha mkononi au cha kichwani. Skafu nayo ilikuwa kifaa cha kazi kabla ya kuwa alama ya chama. Wapanda farasi waliivaa kuzuia jua lisiwachome shingo, na kuziba pua na midomo vumbi lilipotimka. Baden-Powell alijifunza mengi ya upelelezi kutoka kwa Mmarekani Frederick Russell Burnham mwaka 1896, katika milima ya Matopos, wakati majeshi ya Waingereza yalipopigana na Wandebele waliokuwa wakiitetea nchi yao. Historia hii ina uchungu wake kwetu Waafrika, na mwalimu hana sababu ya kuwaficha wanafunzi. Mwaka 1907 mwanajeshi huyo alipiga kambi na wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, na vifaa vya vita vikaanza kupewa kazi ya amani.

Kazi hiyo ndiyo maana ya skafu. Imetengenezwa kwa umbo la pembe tatu ili ikikunjuliwa iwe bendeji. Mkono uliovunjika hulazwa kifuani, kiganja kikiwa juu kidogo ya kiwiko, pembe moja ya kitambaa ielekee kiwikoni, na fundo lifungwe karibu na bega, si juu ya mfupa wa shingo. Hata ile pete inayoibana, iliyobuniwa kwa ngozi huko Gilwell, karibu na London, mwanzoni mwa miaka ya 1920, ina faida yake: huteremka mara moja, kitambaa kikawa mkononi. Wengine hufunga fundo dogo kwenye ncha za skafu, wasilifungue mpaka wamtendee mtu wema siku hiyo.

Viongozi waliohitimu mafunzo ya Gilwell huvaa skafu yenye kiraka cha mirabaraba ya ukoo wa Maclaren wa Uskoti, kwa sababu mtu wa ukoo huo ndiye aliyetoa fedha za kununulia uwanja huo mwaka 1919. Hata kiraka, basi, ni shukrani kwa tendo lililotendwa.

Sasa tuzitazame shule zetu. Skauti ilifika Kenya mwaka 1910, na leo vikosi viko kila pembe ya nchi. Hata hivyo, nimeona mwanafunzi akivishwa skafu asubuhi ya siku ya wazazi kwa sababu tu safu ilikuwa na pengo. Nimeona pia mwanafunzi mwenye ari akirudishwa nyuma kwa kuwa mzazi wake hakuwa na pesa za sare. Wa kwanza amepewa kitambaa bila ahadi, wa pili ana ahadi bila kitambaa. Mimi ningemchukua huyo wa pili bila kusita. Kipande cha pamba kilichokatwa pembe tatu na kupindwa ukingo na fundi wa kijijini kinatosha.

Walimu wenzangu, kabla ya kumvisha mwanafunzi skafu, mpeni kwanza akiwa ameikunjua, mkamlaze mwenzake uwanjani na kusema mkono wake umevunjika. Akishindwa, mfundisheni na kumwita tena wiki ijayo. Nanyi wanafunzi, msingoje mwalimu. Kitambaa mnacho, na marafiki wa kufanyia mazoezi mnao bwenini.