Je, Wajua? Namba Sita Zilizomwandama Hurley

Je, wajua kwamba wapo watu ambao ukiwatajia 4, 8, 15, 16, 23, wanakumalizia wenyewe, "42"? Hao waliitazama Lost, tamthilia ya Marekani iliyoanza kurushwa na kituo cha ABC tarehe 22 Septemba 2004 na kufikia tamati tarehe 23 Mei 2010. Ndege imeanguka kisiwani, abiria wamenusurika, na kila wanakogeukia wanazikuta namba zilezile sita.

Je, wajua namba zilianza kujipenyeza kabla ya yeyote kuzitaja? Ndege ni Oceanic 815, inatoka Sydney kwenda Los Angeles: 8 na 15 hizo hapo, abiria hata mikanda hawajafunga. Walipandia lango la 23. Jack, yule daktari, kakaa safu ya 23. Walionusurika kwenye kipande cha katikati cha ndege ni 48, na 48 ukiivunja unapata 4 na 8. Mtazamaji wa mara ya kwanza haoni kitu. Wa mara ya pili hawezi tena kutulia.

Je, wajua zilitajwa zote sita lini? Sehemu ya 18 ya msimu wa kwanza, iliyorushwa tarehe 2 Machi 2005 na kuitwa kwa urahisi tu "Numbers". Waliiandika David Fury na Brent Fletcher. Hapa inafaa tukae kidogo, maana ndipo utamu ulipo.

Hurley, jina lake kamili Hugo Reyes, ameigizwa na Jorge Garcia: jamaa mnene, mwenye nywele za mawimbi na roho nyeupe kabisa. Aliwahi kulazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na humo akamkuta mgonjwa mwenzake, Leonard, ambaye kutwa nzima hakuwa na neno jingine ila kunong'ona namba zile sita. Hurley alipotoka akazichezea bahati nasibu. Zikampa zaidi ya dola milioni 100.

Sasa tazama zilivyomlipa. Waandishi wa habari wamejaa mbele ya nyumba, kamera zinamulika, babu yake Tito kasimama pembeni. Mzee anaanguka pale pale, roho imekwenda. Siku ya mazishi, radi inampiga padri. Hurley anamfunga mama yake kitambaa machoni ampeleke akaone nyumba mpya aliyomnunulia. Mama anateremka garini, kifundo cha mguu kinavunjika, na kitambaa kikitoka, nyumba inawaka moto. Polisi wanafika. Wanamkamata nani? Hurley, wamemdhania muuza unga. Kwa Kiswahili neno lipo, tena fupi: nuksi.

(Mimi sehemu hiyo niliitazama kwenye DVD ya kukodi, zile za misimu mitatu kwenye sahani moja, picha kama imetazamwa kupitia chandarua. Ikakwama katikati. Tukaitoa, tukaipangusa kwa fulana, tukairudisha, ikakwama pale pale. Mdogo wangu akasema turudishe kitu cha watu, namba hizo si za kuchezea. Nilimcheka, lakini nilirudisha.)

Je, wajua Hurley hakuwa wa kwanza kuzitumia? Leonard alizisikia akiwa jeshini, kwenye kituo cha kunasa mawimbi ya redio baharini Pasifiki, yeye na mwenzake Sam Toomey. Sam akazipeleka Australia, akazitumia kwenye mchezo wa kukisia idadi ya maharage ndani ya mtungi, akashinda. Baadaye akajiua. Mjane wake, ambaye naye alipoteza mguu kwenye ajali, anamwambia Hurley usoni kwamba hakuna laana yoyote, asizisingizie namba. Nadhani huyu mama, anayeonekana dakika chache tu, ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote. Hurley hakumsikiliza. Akapanda ndege kurudi kwao. Unajua ndege ipi.

Je, wajua zilichongwa wapi? Kwenye mfuniko wa chuma uliofukiwa msituni. Chini yake kuna chumba, na ndani yake kompyuta ya kizamani, Apple II, inayotaka kitu kimoja: kila baada ya dakika 108, mtu aandike namba zile sita na kubonyeza. Zikibaki dakika 4, king'ora kinaanza. Muda ukiisha kabisa, vibao vya saa vinapinduka na kuonyesha maandishi ya Misri ya kale, mekundu na meusi. Desmond, Mskoti, alikaa humo miaka mitatu. Piga hesabu: dakika 108 ni saa moja na dakika 48 (zile 4 na 8 tena), yaani siku moja inadai mibonyezo 13 na bado deni linabaki. Akiwa peke yake, usingizi wa saa mbili mfululizo hana. Na siku aliyochelewa ndiyo siku Oceanic 815 ilipovutwa kutoka angani.

Je, wajua kwa nini 108 na si 100? Chukua kalamu: 4 na 8 ni 12, ongeza 15 ni 27, ongeza 16 ni 43, ongeza 23 ni 66, ongeza 42. Jumla 108.

Nayo 108 ilikuwa maarufu kabla televisheni haijabuniwa. Wahindu na Wabudha wanasali kwa shada la shanga 108, kama Mwislamu anavyohesabu tasbihi ya punje 99 au 33. Nchini Japani, usiku wa kuamkia mwaka mpya, kengele za mahekalu ya Kibudha hupigwa mara 108. Mpira wa besiboli una mishono 108. Na Yuri Gagarin, alipoizunguka dunia tarehe 12 Aprili 1961, safari yake inaandikwa kuwa ilichukua dakika 108. Huyo wa mwisho ndiye ninayempenda: mtu peke yake ndani ya chombo cha chuma, saa inahesabu.

Kwa haraka sasa.

Je, wajua namba zote sita zimechapwa kwenye chupa ya chanjo kisiwani? Na kwamba Hurley akikimbilia ndege anapishana na timu ya wasichana, na jezi zao zimebeba namba hizo? Na kwamba katika msimu wa nne anapewa zawadi gari, Camaro iliyokarabatiwa, naye anafurahi kama mtoto mpaka anapotupa jicho kwenye vipimo vya masafa na kuzikuta namba zilezile sita? Alishuka akakimbia kwa miguu. Gari la bure, jamani.

Je, wajua 42 ilikuwa na ukoo wake tayari? Mwingereza Douglas Adams, katika mchezo wa redio ulioanza BBC tarehe 8 Machi 1978, alibuni kompyuta iliyofikiri miaka milioni saba na nusu kutafuta jibu la maisha, ulimwengu na kila kitu. Jibu likawa 42. Watu wakamletea Adams tafsiri za kila namna, za hesabu, za dini, za siri. Yeye akaeleza kuwa ulikuwa utani: alikuwa mezani, akatazama bustanini, akaona 42 inatosha. David Fury amewahi kusema kwamba 42 ya Hurley ni salamu kwa Adams. Kwa hiyo namba iliyochaguliwa kwa sababu haina maana ikaingizwa kwenye tamthilia ya watu wanaohangaika kutafuta maana.

Je, wajua timu ya besiboli ya New York Yankees imestaafisha jezi namba 4, 8, 15, 16, 23 na 42? Zote sita! Namba 4 ni ya Lou Gehrig, na 42 ilistaafishwa kwenye ligi nzima mwaka 1997 kwa heshima ya Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja ubaguzi wa rangi kwenye ligi kuu. Lakini tulia kabla hujampigia mtu simu. Yankees wamestaafisha jezi nyingi mno, kiasi kwamba si ajabu kuzikuta humo hata hizo sita.

Je, wajua Lost ina binamu yake? Kwenye Star Trek namba inayojirudia ni 47. Ilianzia chuo cha Pomona, California, ambako mwaka 1964 profesa wa hesabu Donald Bentley alitoa uthibitisho wa kimzaha kwamba namba zote ni sawa na 47. Mhitimu wa chuo hicho, Joe Menosky, akaajiriwa kuandika Star Trek, akaanza kuichomeka. J. J. Abrams, mmoja wa waliobuni Lost, naye akaitia 47 kwenye tamthilia yake ya kijasusi, Alias. Utani wa darasani ukafika angani.

Je, wajua kabla ya Hurley tulikuwa na Vijay? Waliokulia kwenye kumbi za sinema za pwani yetu wanamkumbuka: Deewaar ya mwaka 1975, Amitabh Bachchan akiwa mpagazi bandarini mwenye beji ya chuma namba 786. Mpagazi mwenzake Mwislamu anamweleza kwamba hiyo ni hesabu ya Bismillahi kwa abjadi, ile hesabu ambayo kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake, basi asiiache kamwe. Risasi inakuja, inagonga beji. Mwishoni beji inamponyoka, na hapo hata aliyekaa kiti cha nyuma kabisa anajua yatakayofuata. Tofauti ni hii: Vijay anakufa kwa kukosa namba yake, Hurley anatamani mno kuikosa ya kwake.

Je, wajua watayarishaji waliulizwa maana ya namba mpaka wakachoka? Damon Lindelof na Carlton Cuse walisema wazi kwamba kuzieleza moja kwa moja kungeziharibu, wakatoa mfano wa Star Wars: ile nguvu ya ajabu ilikuwa tamu hadi filamu ya baadaye ilipoigeuza kuwa vijidudu vya kupimwa kwenye damu. Hata hivyo mwaka 2006, kwenye mchezo wa mtandaoni ulioambatana na tamthilia, lilitolewa jibu la pembeni: namba ni vipengele vya mlinganyo wa Valenzetti, unaotabiri lini binadamu atajimaliza mwenyewe. Ndani ya tamthilia yenyewe mlinganyo huo haukupewa nafasi, na kwa maoni yangu walifanya vyema.

Jibu lililopewa nafasi lilikuja tarehe 16 Februari 2010. Pangoni, juu ya bahari, ukuta umejaa majina yaliyoandikwa kwa chokaa, mengi yamekatwa kwa mstari. Sita hayajakatwa: 4 Locke, 8 Reyes, 15 Ford, 16 Jarrah, 23 Shephard, 42 Kwon. Ni orodha ya wanaoweza kurithi ulinzi wa kisiwa, na kila mmoja ana namba yake. Kwon yupi, mume au mke? Ukutani hilo halikuandikwa. Wapo watazamaji waliokasirika, kwamba miaka yote hiyo kumbe ni namba za foleni. Lakini anayejua falaki ya pwani yetu hatashtuka. Mwenye kupiga falaki anachukua jina lako na la mama yako, anayageuza namba kwa abjadi, anajumlisha, anagawa kwa 12, kinachobaki kinamwonyesha nyota yako. Kwamba jina ni namba na namba ni ajali ya mtu, hilo kwetu si geni.

Je, wajua namba za Hurley ziliwahi kulipa kweli? Tarehe 4 Januari 2011, bahati nasibu ya Mega Millions huko Marekani, donge likiwa limepita dola milioni 350, ilitoa 4, 8, 15, 25, 47, na namba ya ziada 42. Nne za Hurley zimo, ya ziada ikiwa mahali pake hasa. (Na 47 nayo kajipitia tu, kusalimia.) Kumbe maelfu ya watu walikuwa wamejaza mkeka wa Hurley kama ulivyo. Kila mmoja akaondoka na dola 150, au pungufu ya hapo California. Hakuna habari ya babu aliyeanguka.

Na je, wajua kuhusu Wallace? Wiki moja baada ya pango, tarehe 23 Februari 2010, Hurley anampeleka Jack kwenye mnara wa taa wenye vioo na gurudumu la nyuzi 360, kila nyuzi na jina lake. Kaambiwa alizungushe mpaka 108. Linapofika 23, kiooni inatokea nyumba aliyokulia Jack. Jack anapandwa na hasira, anashika darubini na kuvivunja vioo vyote. Ukisimamisha picha kabla hajavunja, usome jina lililo kwenye 108, utaona limeandikwa Wallace, na limekatwa kwa mstari. Hakuna mtu wa jina hilo aliyetokea, si kabla wala baada, mpaka tamthilia ikaisha.