Kuhamisha Tangi la Samaki Pasipo Kuwaua

Mtu apangaye chumba katika mtaa wa Mathare, Nairobi, huenda akahama mara kadhaa. Kodi hupanda, au maji humfukuza, kama ilivyokuwa Aprili 2024 mto Mathare ulipofurika. Kitanda na meza hupakiwa juu ya mkokoteni pasipo shaka. Lakini akiwa na tangi la kioo lenye samaki wa mapambo, mara nyingi mambo huwa hivi: samaki hufika salama, huogelea siku ya kwanza na ya pili, kisha baada ya siku chache huanza kufa mmoja mmoja. Mwenyewe hushangaa, maana amelisafisha tangi hata likang'aa. Kumbe kosa ni huko kusafisha kwenyewe.

Sababu yake ni hii. Samaki hutoa uchafu uitwao amonia, nao ni sumu kwao. Katika sponji ya chujio na katika changarawe mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hivyo huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha nitriti huwa nitreti, isiyodhuru ikiwa kidogo. Sponji ikioshwa kwa maji ya mfereji, klorini iliyotiwa ili kuwakinga watu na maradhi huviua vijidudu hivyo. Wala havistahimili kukauka. Na vipya havitoshi kazi ila baada ya wiki 4 hadi 6.

Basi yampasa mtu afanyeje? Tuseme tangi lake ni la lita 60.

Kwanza, asiwalishe samaki siku moja kabla ya kuhama, ili wasichafue maji njiani.

Pili, ateke nusu ya maji ya tangi na kuyatia katika mitungi safi, isiyowahi kutiwa sabuni wala mafuta ya taa. Samaki wawekwe katika ndoo yenye kifuniko, ndani ya maji yao yale yale, na nafasi ya hewa iachwe juu. Sponji na changarawe zitiwe katika chombo kingine zikiwa zimelowa maji hayo hayo, wala zisioshwe.

Tatu, tangi lisibebwe likiwa na maji. Lita 60 ni kilo 60, na kioo kikipindika kidogo tu, maungio yake huweza kuachia.

Maji ya kujazia yatayarishwe mapema. Yakae wazi katika karai au ndoo pana kwa saa 24, klorini ipate kutoka. Ikiwa yametiwa kloramini, kukaa wazi hakutoshi. Hapo hutakiwa dawa ya kuondoa klorini, ipatikanayo kwa wauzaji wa samaki wa mapambo.

Afikapo, tangi lipangwe kabla ya vyombo vingine, juu ya meza iliyo sawasawa. Chujio na pampu ya hewa ziwashwe mara moja. Nairobi iko kadiri ya mita 1,700 juu ya bahari, na maji ya mahali pa juu hushika oksijeni kidogo kuliko ya Mombasa yenye joto lile lile. Umeme ukikatika, ateke maji kwa kikombe na kuyamwaga tena ndani, mara kwa mara. Samaki wasitupwe ghafula katika tangi. Maji yake yaongezwe katika ndoo yao kidogo kidogo kwa muda wa nusu saa.

Wiki ya kwanza ndiyo ya hatari. Chakula kiwe kidogo, tena siku moja baada ya nyingine, na robo ya maji ibadilishwe kila siku ya pili. Samaki wakipanda juu wakitweta, au matamvua yao yakiwa mekundu kupita kawaida, maji yabadilishwe siku hiyo hiyo.

Wazee walisema, kawia ufike. Mwenye kuhama na samaki asione aibu kwa sponji yenye uchafu: humo ndimo ulimo uhai wao.